Nani Aliukata Mkia wa Bosi?

Sura ya Kwanza: Nzi Asiyeogopa

Nzi alitua kwenye paja la Bosi.

Bosi alikuwa punda. Jina hilo alipewa na wapita njia kwa sababu ya mwendo wake. Hakuwahi kukimbia, hakuwahi kuitika akiitwa, na akisimama katikati ya barabara, magari yote yalimsubiri. Kazi yake ilikuwa kubeba maji. Kila asubuhi Mama Maji alimfungia madumu mawili kila upande, kisha wakatoka kwenda kuwauzia mafundi wa mtaa ule.

Siku hiyo kazi ilikuwa imekwisha. Bosi alikuwa nyumbani, uani, amesimama kivulini, anasinzia. Ndipo yule nzi akatua. Bosi akapunga mkia.

Nzi hakuondoka.

Bosi akapunga tena kwa nguvu. Nzi akajipangusa miguu ya mbele, akauliza, "Unafanya nini?"

"Nakufukuza."

"Kwa kutumia nini?"

Bosi akageuza shingo kutazama nyuma. Moyo ukampasuka. Mkia wake ulikuwa mkia wa kujivunia. Mwishoni ulikuwa na shada la nywele nene, nyeusi tii, lenye mchirizi mmoja mweupe upande wa kushoto. Punda wengine walipomwona akipita walikuwa wanameza mate. Sasa shada halikuwapo. Kilichobaki kilikuwa kinaning'inia kama kamba ya kisima iliyopoteza ndoo.

"Jamani!" yule nzi akawaita wenzake. "Njooni huku! Hakuna mlinzi!"

Wakaja. Wakaja na watoto, na wakwe, na majirani. Wengine walitua mapajani, wengine tumboni, na mmoja mnene akatua pale pale kwenye ncha ya mkia, akabembea.

Bosi akalia. Punda akilia kwa hasira, mabati ya mtaa mzima hutetemeka. Mama Maji akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe, unalilia nini? Pumba si umekula?" Kisha akauona mkia. "Haa! Umeuingiza wapi huo mkia? Kwenye gurudumu la baiskeli ya mtu, bila shaka. Ukitembea uwe unaangalia unapoweka vitu vyako."

Akarudi jikoni. Kesi imekwisha.

Bosi alisimama pale, nzi wakimla, naye akauma meno. "Nitamjua," alisema. "Aliyenifanyia hivi nitamjua. Na nikimjua nitamlipa, na chenji nitamwachia."

Sura ya Pili: Shangazi Apima Mkia

Kwenye ua ule aliishi pia bata mmoja mzee, mnene, mwenye maneno mengi. Kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Asubuhi Bosi akienda kazini, Shangazi alipanda juu ya madumu na kwenda naye. Mwenyewe alisema anakwenda kusimamia kazi.

"Geuka," Shangazi akasema. "Niuone vizuri."

"Kuonwa kwenyewe ni aibu."

"Aibu yako haina nywele, mwanangu, itafichwa wapi? Geuka."

Bosi akageuka. Shangazi akaukamata mkia kwa mdomo, akaukagua juu, akaukagua chini, akautema.

"Si gurudumu," akasema. "Gurudumu lingetafuna. Hapa pamenyooka kama ukingo wa meza. Huu ni mkasi."

"Mkasi!"

"Mkasi mkali, tena mkono wa mtu aliyezoea. Sasa niambie, uliukosa saa ngapi?"

"Sijui. Asubuhi ulikuwapo."

"Mtu anakukata mkia na wewe hujui?"

Bosi akainamisha masikio. Hapo palikuwa na jambo ambalo hakupenda kulisema. Mama Maji alikuwa na mtindo wake wa kazi. Kila waliposimama kwa mteja, alimvika Bosi mfuko wa pumba usoni, kamba nyuma ya masikio, ili atulie wakati madumu yanashushwa. Na Bosi akiingiza uso kwenye pumba, basi tena. Hakuona, hakusikia, hakuwapo duniani. Ungeweza kumpaka rangi ya kijani na kumwandika namba, asijue.

"Kumbe!" Shangazi akasema. "Umeibiwa ukiwa unakula."

"Usiseme kwa sauti."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unasimamia kazi. Umelala."

Shangazi akakohoa kidogo, akabadili mazungumzo. "Leo tulisimama kwa watu gani? Kwa Mchoraji mabango, kwa Fundi Chokaa na kwa Kinyozi. Mmoja wao ni mwizi. Na nywele za mkia haziliwi, wala hazivaliwi. Zinatumika kutengeneza kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Brashi, mwanangu."

Bosi akachimba ardhi kwa kwato. Brashi! Na katika mtaa ule, nani alishinda na brashi mkononi kuanzia asubuhi hadi jioni?

"Mchoraji," akasema. "Kesho ataniona."

"Ngoja kwanza tuchunguze."

Lakini Bosi hakuwa anasikia. Alikuwa anapanga.

Sura ya Tatu: Bango la Fundi Cherehani

Mchoraji mabango alifanyia kazi kibarazani, makopo ya rangi yamemzunguka pande zote. Siku hiyo alikuwa amemaliza bango kubwa la fundi cherehani. Lilikuwa na bwana mmoja ndani ya suti ya bluu, mkono mmoja mfukoni, anatabasamu. Suti ilikuwa bado mbichi. Mchoraji alirudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja, akaitazama kazi yake kwa mapenzi.

"Mama Maji, njoo uone. Huyu bwana amebakiza kupumua tu."

"Amependeza kweli," Mama Maji akasema. Akamvika Bosi mfuko wa pumba, akachukua madumu mawili, akaingia nayo ndani.

Kwa mara ya kwanza maishani, Bosi hakula. Alinusa pumba, machozi yakamtoka, lakini hakula. Akarudi kinyumenyume polepole mpaka akagusa ubao. Kisha akakalia.

Alikalia kwa uzito wake wote. Akajisugua kushoto, akajisugua kulia, akamalizia na mzunguko mmoja mzima. Alipoondoka, bwana wa suti hakuwa na tabasamu, hakuwa na mdomo wa kutabasamia, na ile suti ilikuwa imehamia kwenye makalio ya Bosi.

"Uuuwi!" Mchoraji akashika kichwa. "Mama Maji! Mama Maji weee! Punda wako ameniua!"

Mama Maji akatoka mbio. Akaliona bango. Akamwona Bosi, bluu nyuma, mfuko usoni, ametulia kama mgeni wa heshima.

"Nimekesha na bango hili!" Mchoraji alikuwa analia kabisa. "Tena kwa brashi hizi! Tazama brashi zangu, mama. Zina upara! Hii ina nywele tano. Hii haina hata moja, nachorea kijiti. Sijapata brashi mpya sijui tangu lini. Halafu punda anakuja kukalia!"

Shangazi, aliyekuwa juu ya madumu yaliyobaki, akanyoosha shingo na kuchungulia kopo la brashi. Ilikuwa kweli. Brashi zote zilikuwa kuukuu, ngumu, zimekwisha. Hapakuwa na unywele mmoja mweusi, wala mweupe.

"Bosi," akanong'ona. "Si yeye."

Ndani ya mfuko, Bosi alijifanya anatafuna.

"Umenisikia? Umemkalia mtu asiye na hatia."

"Basi alikuwa anawaza kufanya hivyo," Bosi akasema.

Mama Maji alimshika sikio, akalivuta hadi kwenye mdomo wake, akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo watu wote wanaomfahamu huiogopa kuliko kelele zake. "Sikiliza. Ukiharibu kazi ya mtu tena, mara moja tu, nakupeleka kwenye tanuri la matofali. Huko utabeba matofali ya moto kutwa. Hakuna pumba, hakuna kivuli, na msimamizi wao ana fimbo mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni. Umenielewa?"

Bosi alielewa. Sasa mambo yalikuwa yamebana. Akimkosea mtu mwingine, anakwenda kwenye tanuri. Akiacha, mwizi anatamba na nywele zake.

Kuacha hakukumpitia kichwani hata kidogo. Ila alijua kwamba lazima awe na hakika.

Sura ya Nne: Teke la Akiba

Fundi Chokaa alikuwa mtu mrefu, mkimya, mweupe kuanzia kofia hadi viatu kwa sababu ya kazi yake ya kupaka nyumba za watu. Walipofika kwake, Bosi aliinua mguu wa nyuma.

"Ushushe huo mguu," Shangazi akasema.

"Nampima tu."

"Ushushe. Unataka matofali? Niache mimi niangalie."

Shangazi akashuka, akatembea kwa madaha hadi kwenye ndoo ya chokaa. Fundi alikuwa ameegemeza brashi yake ukutani. Shangazi akaidonoa, akavuta uzi mmoja, akautafuna, akautema.

"Katani," akarudi kusema. "Ngumu kama zulia la mlangoni. Huyu hana habari na mkia wako."

"Una hakika?"

"Nimeitafuna."

"Nimpige teke dogo tu?"

"Hapana."

"La akiba? Siku akinikosea tunahesabu kwamba nimeshampiga."

"Bosi!"

Bosi akashusha mguu. Iliuma kuliko nzi. Kisha mawazo yakamjia taratibu, kama maji yanavyojaa kwenye dumu. Mchoraji si yeye. Fundi Chokaa si yeye. Amebaki mmoja, na huyo mmoja anashinda na mkasi kidoleni.

Masikio ya Bosi yakasimama.

Sura ya Tano: Eti Farasi

Kinyozi alijipenda. Alikuwa na masharubu marefu aliyoyapaka mafuta na kuyasokota ncha mpaka yakaelekea juu. Dukani mwake kulikuwa na kioo kinachofunika ukuta mzima. Kilikuwa cha wateja, lakini aliyekitumia zaidi ni yeye mwenyewe.

Mama Maji alimvika Bosi mfuko wa pumba mlangoni, akazungukia nyuma na dumu kujaza pipa la Kinyozi. Bosi hakula. Alitega masikio.

Kwenye kiti alikaa Mwenyekiti wa soko, mtu mkubwa hata kiti kilikuwa kinalalamika. Kinyozi alikuwa amemaliza kumnyoa. Akafungua droo, akatoa brashi, akaanza kumpangusa nywele shingoni.

"Aaah," Mwenyekiti akasema. "Hii kitu! Laini kama pamba. Pitisha na hapa shavuni. Na hapa puani. Hapo, hapo, inatekenya vizuri."

Shangazi alichungulia dirishani. Brashi ilikuwa mpya, mpini wa mbao, nywele nyeusi tii. Na upande wa kushoto kulikuwa na mchirizi mmoja mweupe.

"Bosi," akanong'ona. "Tumempata."

Bosi alivuta pumzi mpaka mfuko ukamnata puani. Alikuwa tayari kuingia na kumvunja Kinyozi miguu yote miwili. Ndipo Mwenyekiti akauliza, "Umeitoa wapi brashi kama hii, bwana?"

"Hii?" Kinyozi akasokota sharubu. "Hii huipati mjini, mzee wangu. Nimeagiza mbali. Hizi ni nywele za farasi."

Bosi aliinua kichwa, mfuko ukaning'inia.

"Amesema nini?" Bosi akauliza.

"Tulia, mwanangu."

"Amesema za nani?"

"Farasi," Shangazi akasema, akafumba macho.

Sasa, kuibiwa ni jambo moja. Mtu anaweza kuibiwa, akavumilia, akaendelea na maisha. Lakini mali yako ichukuliwe, isifiwe, na sifa apewe farasi! Farasi, ambaye hajawahi kubeba dumu moja la maji katika maisha yake! Bosi alihisi joto linapanda kutoka kwato hadi ncha za masikio.

"Nilitaka kumpiga teke," akasema. "Teke halitoshi."

"Tumwonyeshe Mama Maji brashi, yaishe."

"Hapana. Teke ataumwa leo, kesho amepona. Mimi nataka kila akijitazama kwenye kioo chake akumbuke." Akafikiri. "Mlango una upana gani?"

"Unakutosha. Kwa nini?"

"Niongoze. Naingia kinyumenyume."

"Na huo mfuko usoni?"

"Mfuko unabaki. Mama Maji akija, mimi nilikuwa nakula. Sijui lolote. Nimejikuta humo."

Shangazi alimtazama rafiki yake kwa heshima ambayo hakuwahi kuwa nayo. Akaruka chini, akasimama katikati ya njia, akatandaza mabawa kama utingo wa lori.

"Haya, rudi! Rudi, rudi, rudi! Kata kulia. Zaidi kidogo. Nyoosha! Njoo, njoo, njoo... Kuna kizingiti, inua mguu. Njoo... Basi!"

Sura ya Sita: Ndani ya Kioo

Mwenyekiti wa soko alikuwa amefumba macho kwa raha. Alipoyafumbua, aliona kwenye kioo uso wake mwenyewe, umenyolewa ukang'aa. Pembeni ya uso wake, ukubwa ule ule, aliona makalio yenye rangi ya bluu.

"Kinyozi," akasema polepole. "Ni kioo chako au ni macho yangu?"

Kinyozi akageuka. Brashi ikabaki hewani.

Bosi akauinua mkia. Aliuinua juu kadiri alivyoweza, kijiti kile kikiwa na nywele fupi chache nchani, nyeusi tii, na upande wa kushoto mchirizi mmoja mweupe. Akaupeleka taratibu karibu na brashi, vikakaa bega kwa bega ndani ya kioo. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakasimama. Mmoja akatazama mkia, akatazama brashi, akatazama tena mkia.

"Mbona vimefanana?" akauliza.

"Farasi gani huyo ana mchirizi kama wa punda wa Mama Maji?" mwenzake akauliza.

Mwenyekiti alikuwa mzito wa mwili, lakini si wa akili. Alishika shavu lake. Akashika pua.

"Kinyozi. Hicho ulichonipitishia usoni kimetoka wapi?"

"Mzee wangu, nisikilize..."

"Puani, Kinyozi! Nilikwambia pitisha puani, ukapitisha!"

"Ni safi! Niliziosha kwa sabuni ya unga!"

Wale wawili wa benchi wakaanza kujipangusa shingo zao kwa mashati. Nao walikuwa wamekwisha kunyolewa na kupanguswa. Kwenye mlango Mama Maji alikuwa amesimama, dumu tupu mkononi, amesikia kila kitu.

Hakupiga kelele. Aliingia, akampokonya Kinyozi brashi, akaishikiza kwenye ncha ya mkia wa Bosi. Nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe. Akamtazama Kinyozi.

"Nilimlaumu punda wangu," akasema. "Nilimwambia ameuingiza kwenye baiskeli."

"Mama, ni nywele tu. Zitaota. Kukata nywele ndiyo kazi yangu!"

"Alikuomba umkate?"

"Alikuja mwenyewe! Alisimama hapa mlangoni, ameinamisha kichwa kama mteja, ametulia. Nikadhani..."

"Ukadhani amekuja kunyolewa?"

Wale wa benchi walicheka hadi mmoja akakaa sakafuni. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa kwenye beseni, anaosha pua kwa mara ya pili.

"Sasa sikiliza adhabu yako," Mama Maji akasema. "Punda wangu hana cha kufukuzia nzi. Kuanzia leo nzi wake ni wako. Kila nikija na maji, utatoka nje, utasimama nyuma yake, utapunga hii brashi mpaka amalize kula."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Hadi mkia utakapoota."

"Na nikikataa?"

"Basi hutapata maji yangu. Uwe unanyoa watu kwa mate."

Kinyozi akamtazama Mwenyekiti kuomba msaada. Mwenyekiti alijipangusa uso, akasema, "Anza sasa hivi. Nataka kuona."

Sura ya Saba: Bosi Anakula

Watu wa mtaa waliacha kazi zao kuja kutazama. Kinyozi alisimama juani nyuma ya Bosi, masharubu yamelegea kwa jasho, anapunga brashi kushoto na kulia. Nzi walipotua tumboni, alizunguka tumboni. Walipohamia mgongoni, akahamia nao. Kila mpita njia alikuwa na neno.

"Kinyozi, umesahau sikio!"

"Mpunguze na ndevu!"

"Farasi wako hajambo?"

Ng'ambo ya barabara, Mchoraji mabango aliketi kwenye kigoda chake, bango la bwana wa suti mapajani, anamchora upya kwa kile kijiti chake. Hakuna aliyemwomba radhi. Bosi hakuona haja, na hata angeona, asingejua pa kuanzia. Lakini kila siku Kinyozi akitoka na brashi, Mchoraji naye aliweka kijiti chini, akageuza kigoda kielekee upande ule. Alicheka kila siku kama vile ni mara ya kwanza.

Bosi naye alijifunza kula polepole. Alitafuna pumba chembe moja baada ya nyingine. Wakati mwingine aliacha kutafuna kabisa, akasimama tu ndani ya mfuko, anasikiliza brashi ikipunga nyuma yake: fyu, fyu, fyu. Hakuna muziki uliowahi kumpendeza kama huo.

Siku zikapita. Mvua zikaja, zikaondoka. Asubuhi moja, wakiwa bado uani, Shangazi alikuwa anazunguka nyuma ya Bosi akitafuta wadudu, akasimama ghafla.

"Bosi! Mkia wako!"

"Una nini?"

"Umeota! Shada lote limerudi, na mchirizi wake!"

"Najua. Zamani sana."

"Zamani? Mbona Mama Maji hajaona? Mbona Kinyozi bado anapunga?"

"Mama Maji hutazama madumu, si mkia," Bosi akasema. "Huyo mwingine, subiri uone." Mama Maji alikuja na madumu, akayafunga, wakatoka. Walipokaribia duka la Kinyozi, Shangazi akiwa juu alichungulia nyuma na kuona kitu kinachotendeka taratibu. Bosi alikuwa anaukunja mkia wake mzuri, akauingiza katikati ya mapaja, akaubana barabara, pakabaki kijiti kitupu cha juu kinachoonekana.

"Ewe mnyama!" Shangazi akasema. "Hujamsamehe tu?"

"Mimi? Mimi sina neno naye."

"Sasa unaficha nini?"

Mama Maji akamvika mfuko wa pumba. Kinyozi akatoka dukani, ameinamisha uso, brashi mkononi. Nzi wa kwanza akatua kwenye paja la kushoto. Bosi hakutikisika. Alisubiri mpaka aliposikia fyu ya kwanza.

"Niache nile," akasema.